MUUZA MAKAA, CHUMBA CHA KAHAWA NA SUALA LA UMILIKI KATIKA LANCASHIRE

Katika karne ya 19 wachapaji wa Uingereza walikuwa wakitoa vitabu vinene vya anwani za biashara. Vile vya Isaac Slater wa Manchester vilikuwa miongoni mwa vilivyotumika sana katika jimbo la kale la Lancashire. Vitabu hivyo vilipanga kazi za watu mji kwa mji, kwa mfuatano wa alfabeti. Kwa kuwa maneno ya Kiingereza ya makaa na kahawa huanza kwa herufi zilezile, wauza makaa ya mawe na wenye vyumba vya kahawa huangukia karibu karibu katika orodha hizo. Ndugu msomaji akizipitia ataona majina na mitaa tu. Hataona ni nani anamnyonya nani. Madhumuni ya makala hii ni kueleza uhusiano ambao orodha ya namna hiyo huuficha, kwa kuwa kada anayeishia kwenye orodha atamtambua mwenye duka na kushindwa kulitambua tabaka.

Lancashire inayozungumzwa hapa ni ile ya kabla ya tarehe 1 Aprili, 1974, siku ambayo mabadiliko ya serikali za mitaa yaliyapeleka maeneo ya Liverpool na Manchester katika majimbo mapya. Ndani ya mipaka hiyo ya kale ubepari wa viwanda ulikomaa mapema kuliko karibu mahali pengine popote duniani. Pamba iliingia kwa bandari ya Liverpool, ikasokotwa na kufumwa katika miji ya ndani, na makaa ya mawe ya Wigan na sehemu jirani yakaendesha mitambo. Makaa hayohayo yalipika chakula cha mfanyakazi na kumpa joto wakati wa baridi. Kwa hiyo bidhaa moja ilikuwa nishati ya bepari kiwandani na mahitaji ya lazima ya kabwela nyumbani. Tofauti ilikuwa katika namna kila mmoja alivyoipata.

Njia ya makaa

Mwaka 1761 kabaila mmoja, Duke wa Bridgewater, alifungua mfereji wa kusafirisha makaa kwa mashua kutoka migodi yake ya Worsley hadi Manchester. Bei ya makaa mjini ilishuka kwa karibu nusu. Wasifu wengi wa ubepari hukomea hapo, nasi hatuna sababu ya kukana kwamba nyenzo za uzalishaji zilipiga hatua kubwa. Lakini tuyafuate makaa hayo baada ya kushushwa.

Kufikia nusu ya pili ya karne ya 19, reli zilipokwisha kuenea, njia ilikuwa hivi. Mwenye ardhi alilipwa mrabaha kwa kila tani iliyotolewa chini ya ardhi yake, ingawa hakuinua hata koleo. Kampuni ya mgodi, kama ile ya makaa na chuma ya Wigan iliyoundwa mwaka 1865, ilichukua faida iliyotokana na jasho la wachimbaji. Reli ilichukua nauli. Mfanyabiashara wa jumla, mwenye uwanja karibu na stesheni, alinunua kwa mabehewa na kuuza kwa tani. Mwishoni kabisa alisimama muuza makaa wa mtaani, mwenye mkokoteni au punda, na chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilikuwa duka.

Tajiri aliagiza tani nzima wakati wa kiangazi, bei ikiwa ya chini, akaijaza katika ghala lililo chini ya nyumba yake. Mfanyakazi aliyepanga chumba kimoja hakuwa na ghala wala fedha ya tani. Alinunua robo ya mzani wa ratili 112, yaani ratili 28, au ndoo moja tu, siku ya baridi, bei ikiwa imepanda. Kila ratili aliyonunua ilimgharimu zaidi kuliko ratili ya tajiri. Umaskini wenyewe ulikuwa unatozwa ushuru, na ushuru huo haukuhitaji sheria ya Bunge wala mtoza kodi.

Zilikuwapo pia hila za vipimo. Zamani makaa yaliuzwa kwa ujazo, na yeyote aliyewahi kuvunja mawe anajua kwamba rundo la vipande vidogo hujaza chombo kuliko mawe makubwa ya uzito uleule. Sheria ya mwaka 1835 iliamuru yauzwe kwa uzito. Hila ikahamia kwenye maji, kwani makaa yaliyoloweshwa huwa mazito. Sheria ya mwaka 1889 ikaagiza kwamba mnunuzi wa zaidi ya ratili 224 apewe hati ya uzito pamoja na mzigo wake. Ndoo ya kabwela haikufikia kiasi hicho. Kiasi kidogo kiliachiwa kanuni ndogo za mitaa. Huo ndio utaratibu wa sheria za kibwanyenye: humlinda kwanza yule anayenunua kwa wingi.

Je, muuza makaa wa mtaani ni bepari?

Kila inapofundishwa mada ya matabaka ya kati swali hili huulizwa, na mara nyingi hujibiwa kwa hasira kabla halijachambuliwa. Kwa mama aliyesimama mlangoni na ndoo, adui alikuwa na sura moja tu, ile ya mtu mwenye mizani. Hakumwona mwenye ardhi, hakumwona mwenye hisa za mgodi.

Lakini muuza makaa huyo hakumiliki mgodi, behewa, wala uwanja. Alibeba magunia mgongoni mwake. Mara nyingi alikopesha majirani hadi siku ya mshahara, naye alidaiwa na mfanyabiashara wa jumla. Aliyepunja mizani alikuwa mwizi, hilo halina mjadala. Hata hivyo wizi wake ulikuwa makombo ya unyonyaji uliokwisha kufanyika juu yake. Alikuwa kibwanyenye, mtu wa kati anayeyumba. Leo anamkamua mfanyakazi, kesho anaporomoka kuwa mfanyakazi mwenyewe.

Mwaka 1893 jambo hili lilidhihirika. Wenye migodi wa Lancashire, Yorkshire na majimbo ya kati walitaka mishahara ipunguzwe, na wachimbaji karibu 300,000 wakafungiwa nje ya kazi tangu mwishoni mwa Julai hadi Novemba. Mwezi Septemba, huko Featherstone katika Yorkshire, askari waliwapiga watu risasi na wawili wakafa. Bei ya makaa ilipaa. Mwenye akiba kubwa uwanjani aliuza kwa faida ambayo hakuitolea jasho, na muuza makaa asiye na akiba alikosa hata cha kupakia mkokotenini. Kama chama cha wachimbaji kingeelekeza mapambano yake kwa wauza mikokoteni, wenye migodi wangefurahi sana. Msomaji hatakosa mifano ya karibu zaidi ya kosa la aina hiyo.

Kikombe cha kahawa na mwenye kukitoa

Tuingie sasa katika chumba cha kahawa. Mfanyakazi aliyetoka nyumbani alfajiri, kukiwa hakuna makaa ya kuchemshia maji, alihitaji mahali pa kupata kitu cha moto. Mahali palipokuwapo kila pembe ni kilabu cha pombe, hasa baada ya sheria ya mwaka 1830 kumruhusu karibu kila mlipa kodi kuuza bia kwa kulipia leseni ndogo. Kilabu kilikuwa na moto, taa, kiti na marafiki. Kwa miaka mingi mishahara ya wafanyakazi wengi ililipwa humohumo kilabuni, desturi ambayo ilikatazwa kwa wachimbaji mwaka 1842 na kwa wafanyakazi wengine kwa jumla mwaka 1883. Mtu alipokea mshahara akiwa amesimama mbele ya pipa.

Harakati za kuacha pombe ziliota mizizi mapema Lancashire. Tarehe 1 Septemba, 1832, watu saba wa Preston, akiwamo mfanyabiashara wa jibini Joseph Livesey, walitia sahihi ahadi ya kutokunywa kileo chochote. Baadaye matajiri waliona manufaa yao katika jambo hilo, kwani mfanyakazi asiyelewa hufika kiwandani Jumatatu. Mwaka 1875 huko Liverpool iliundwa kampuni ya kufungua vyumba vya kakao na kahawa, hasa kwa ajili ya watu wa gatini. Hawa walikuwa vibarua waliochaguliwa upya kila nusu siku, wakingoja katika mvua na upepo. Chumba chenye joto, kinywaji cha peni, na ruhusa ya kula chakula alichokuja nacho mtu, vilikuwa msaada wa kweli. Kampuni ilistawi na kuwalipa wenye hisa gawio. Miji mingine ikaiga.

Hapo ndipo panapohitaji uangalifu. Chumba kiliitwa cha mfanyakazi, lakini mfanyakazi hakuwa na kura katika kukiendesha. Magazeti ya kusomwa yalichaguliwa na wengine, na ukutani palibandikwa maonyo. Vingi vya vyumba hivyo nchini Uingereza vilififia katika miongo iliyofuata. Wapo wanaolaumu kahawa mbaya, na lawama hiyo ina ukweli wake. Kwa maoni yangu sababu kubwa zaidi ni kwamba watu wazima hawapendi kusimamiwa wakinywa. Mfanyakazi aliyekwisha kusimamiwa kiwandani kutwa nzima hakutaka nyapara mwingine jioni, hata kama nyapara huyo alikuwa mpole.

Aibu ya kupewa badala ya kumiliki ilikuwa imekwisha kuonekana wakati wa njaa ya pamba ya miaka ya 1861 hadi 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokatiza pamba. Mwishoni mwa mwaka 1862 karibu watu 500,000 waliishi kwa misaada. Kamati ziligawa chakula, nguo na makaa, mara nyingi kwa tikiti. Machi 1863, katika mji wa Stalybridge mpakani mwa Lancashire na Cheshire, kamati ilipotaka kulipa tikiti badala ya fedha, wafanyakazi walifanya ghasia na wanajeshi wakaitwa. Watu wenye njaa walikataa tikiti. Hawakudharau makaa wala mkate. Walikataa kuchaguliwa duka la kununulia.

Njia ya Rochdale na mipaka yake

Katika jimbo hilohilo jibu lingine lilikuwa limekwisha kutolewa. Tarehe 21 Desemba, 1844, wanachama wa chama cha ushirika cha Rochdale, ambacho kilianza na watu 28 na mtaji wa pauni 28, walifungua duka Toad Lane. Waliuza siagi, sukari, unga na mishumaa, kwa mizani kamili na bila kuchanganya vumbi. Kila mwanachama alikuwa na kura moja, na ziada ilirudi kwa wanunuzi kwa kadiri ya manunuzi yao. Katika miaka ya 1850 walitenga asilimia 2.5 ya ziada kwa elimu, wakawa na maktaba na chumba cha magazeti chao wenyewe. Vyama vya ushirika vilipokua vilianzisha idara za makaa na kuagiza mabehewa moja kwa moja kutoka migodini, na ngazi kadhaa za watu wa kati zikaruka.

Tusiupake ushirika huo rangi isiyo yake. Rochdale iliuza kwa fedha taslimu tu. Kanuni hiyo ilikiokoa chama na madeni, lakini ilimwacha nje kabwela asiye na senti hadi Jumamosi, naye akarudi kwa muuza makaa wa mtaani aliyekuwa tayari kukopesha. Tena ushirika wa wanunuzi haukugusa umiliki wa migodi, ambayo ilitaifishwa tarehe 1 Januari, 1947.

Na kahawa yenyewe ilitoka wapi? Sehemu kubwa ya kahawa iliyoingia Uingereza miaka ya 1860 ilitoka Ceylon, katika mashamba ya walowezi yaliyolimwa na vibarua wa Kitamil kutoka kusini mwa India. Wengi wao walikufa njiani walipokuwa wakipanda milimani kwa miguu. Mwaka 1869 ugonjwa wa kutu ya majani ulizuka, mibuni ikafa, na mashamba yakageuzwa kuwa ya chai. Mwaka 1902 vyama vikuu vya ushirika vya Uingereza na Scotland, vilivyoundwa na wafanyakazi dhidi ya walanguzi, vilinunua mashamba ya chai huko Ceylon. Mfumaji wa Rochdale mwenye kura moja na kitabu cha gawio akawa, pengine bila kujua, mwajiri wa mchuma chai asiye na kura yoyote katika chama hicho. Serikali ya Sri Lanka ilitaifisha mashamba ya makampuni ya kigeni mwaka 1975.