Keja yako ni ndogo? Hivi ndio unaweza kupanga yadi ya treni ya mizigo juu ya ubao mmoja tu

Wacha nianze na ujinga wangu ndio wewe usiurudie. Nilipoanza hii hobi ya treni ndogo nilifanya kile kila beginner hufanya. Nilitafuta seti ya mtumba online, reli za kuzunguka duara, injini moja na mabehewa matatu. Ikafika, nikafungua boksi kama mtoto wa Krisi, nikapanga hiyo duara kwa sakafu ya bedsitter yangu. Duara ikaenda kutoka mlangoni mpaka chini ya kitanda. Kufika jikoni ilibidi niruke reli. Treni ikazunguka mara ya kwanza, nikasema waah. Ikazunguka mara ya ishirini, nikachukua simu nikaanza kuscroll. Siku ya tatu ilikuwa imerudi kwa boksi.

Shida haikuwa keja. Shida ni kwamba treni ikizunguka tu, wewe huna kazi. Umekuwa mlinzi wa treni.

Guka wangu ndiye alinifungua macho. Mzee alifanya kazi ya kushanti yadi ya Nairobi enzi za East African Railways, ile kazi ya kuunga na kukata mabehewa, kuyatoa hapa kuyapeleka pale mpaka treni ikae vile inafaa kutoka. Nilimwonyesha video ya duara yangu. Akaangalia, akauliza, "Sasa hii inapeleka nini, wapi?" Nikakosa jibu. "Basi hii si treni, ni feni."

Msee, niliskia vibaya. Lakini alikuwa na point.

Na ukifikiria, sisi watu wa Nai ndio hatufai kusahau yadi. Huu mji ulianza kama depo ya reli mwaka wa 1899, mahali pa kupanga vitu na kupumzisha treni kabla ya kupanda kwenda Limuru na kushuka Bonde la Ufa. River Road, Gikomba, bei ya rent Kileleshwa, hiyo yote ilikuja baadaye.

Sasa twende kwa mpango. Kuna Mwingereza anaitwa Alan Wright, alitengeneza yadi ndogo ya treni akaiita Inglenook Sidings. Wasee wa hii hobi dunia nzima bado wanaikopi, na sababu ni moja: ni ndogo kabisa na haichoshi. Iko hivi. Una reli tatu za kuegesha mabehewa. Moja inabeba mabehewa 5, zile zingine mbili zinabeba 3 kila moja. Zote tatu zinakutana kupitia pointi mbili, halafu zinatokea kwa reli moja fupi mbele, mimi naiita mkia. Mkia unatoshea injini na mabehewa 3. Basi. Hakuna duara, hakuna daraja, hakuna tunnel.

Mabehewa yako ni 8. Unaanza na 5 kwa ile reli ndefu na 3 kwa moja ya zile fupi. Kila behewa lina namba yake. Unaandika namba kwa vikaratasi, unatia kwa kofia, unatoa vitano. Hiyo ndio treni yako, kwa mpangilio huo huo vile vikaratasi vimetoka. Kazi yako ni kuipanga kwa ile reli ndefu bila kuinua behewa hata moja na mkono.

Piga hesabu. La kwanza linaweza kuwa lolote kati ya 8, la pili kati ya 7 yamebaki, halafu 6, 5, 4. Zidisha: treni 6,720 tofauti. Ukipanga moja kila siku bila kupumzika utamaliza baada ya miaka 18 na kitu. Kwa ubao wa mita moja na kitu!

Lakini usikimbie kununua chochote. Hapa ndio nataka unisikize vizuri, kwa sababu hapa ndio nilichoma doh mara ya pili. Yadi yako ianze na vifuniko vya soda.

Chukua vitano, viandike 1 mpaka 5. Kwa karatasi chora reli A inayobeba 3, B inayobeba 2, C inayobeba 2. Hiyo ni version ndogo. Mkia uwe wa injini na mabehewa 2. Injini iko kwa mkia na haitoki upande huo, so kila reli inaingiliwa kwa mlango mmoja tu. Kwa A weka 1, 2, 3, huku 1 ikiwa karibu na mlango. Kwa B weka 4, 5, na 4 ndio iko mlangoni. C iko wazi.

Tuseme unataka A isome 5, 2, 3. Rahisi. Injini inaingia A, inatoa 1, inaitupa C. Inaingia B, inatoa 4, inaisukuma C mbele ya 1. Inarudi B kuchukua 5, inaipeleka A. Umemaliza.

Sasa fanya A isome 3, 2, 1. Yaani geuza ile ya mwanzo. Nilikaa na hii nusu saa chai ikipoa. Nilitoa 1 na 2 pamoja nikazipeleka C. C imejaa, B imejaa, A imebaki na 3 peke yake huko ndani. Nikadhani nimekwama. Trick ni hii: toa 3, usiiweke popote. Ibaki imeshikana na injini. Ukiwa nayo hivyo hivyo, ingia C, gusa 1, itoe, rudi A, ukate 1 uiache huko ndani. 3 bado iko na wewe. Rudi C uchukue 2, ingia A, acha zote mbili. Soma sasa kutoka mlangoni: 3, 2, 1.

Nilipomwonyesha Guka akacheka. Akasema kuna siku walikuwa wanazunguka na behewa moja likiwa mkononi mwa injini karibu shift nzima, linapelekwa kila mahali, si ati linaenda huko, ni vile tu halina pa kukaa.

Ukielewa hapo, utaelewa kwa nini urefu wa mkia ndio roho ya yadi. Ukiwa mrefu sana, injini inabeba mabehewa mengi mara moja na mchezo unakufa, kila treni inapangika kizembe. Ukiwa mfupi hata kwa sentimita moja, umeisha, kwa sababu behewa la mwisho litabaki limekalia pointi na pointi haiwezi kugeuka kama imekaliwa. Mimi nilipima vizuri kabisa, nikasahau kile kizuizi cha mwisho wa reli nacho kinakula nafasi. Nilikosa sentimita mbili. Ilibidi ning'oe reli ambayo nilikuwa nimeshaigundisha. Kwa hivyo panga kwanza na vitu vyenyewe: weka injini na mabehewa juu ya ubao, yakiwa yameungana, ndio uchore laini. Usiamini namba za online, hata zangu.

Namba zangu ni hizi, chukua kama mwanzo tu. Natumia saizi ya Waingereza inaitwa OO, ambapo kitu kimepunguzwa mara 76 na reli ina upana wa milimita 16.5. Behewa dogo la magurudumu manne na kulabu zake linakula kama sentimita 8.5. Injini ndogo ya kushanti ni kama 13. Pointi fupi ni karibu 18.5. Sasa jumlisha: mkia 40, pointi mbili 37, reli ndefu ya mabehewa 5 nayo 45. Jumla sentimita 122, upana 30 unatosha. Ile version ndogo ya vifuniko inaingia chini ya mita moja. Kuna saizi ndogo zaidi inaitwa N, reli ya milimita 9, inakata hii nafasi karibu nusu. Kama unaishi kwa kale kachumba ambako ukinyoosha mkono unafungua dirisha na friji, angalia hiyo. Ila macho yako yawe fiti, na vidole visiwe vya kukanda chapo.

(Kwa wale wajuaji: ndio, OO si sahihi kabisa. Reli ya kawaida ya milimita 1,435, kama ya SGR, ukiigawa kwa 76 inafaa kuwa karibu 19. Waingereza walikubali tu kuishi na hiyo. Na ukitaka kuiga ile reli ya zamani yetu ya mita moja, wasee wa saizi ya HO, ile ya mara 87, hutumia reli ya milimita 12.)

Kitu kingine ni injini. Kwa duara unaweza kuwa na injini yoyote, bora ikimbie. Kwa yadi unataka itambae. Ikiruka ruka kama mathree imeona karao, utagonga mabehewa yaanguke. Na usinunue fupi sana ya magurudumu manne kama pointi zako ni zile za moyo wa plastiki. Plastiki haipitishi moto, so injini fupi ikifika hapo katikati inalala, na utaisukuma na kidole kila wakati. Magurudumu sita ni afadhali. Halafu vumbi, jameni. Dirisha langu linaangalia barabara ya murram. Nisipopangusa reli na kitambaa kabla ya kucheza, hakuna kitu inasonga.

Usijenge majumba upande wa mbele. Najua utatamani kuweka godown kali na kakibanda ka mama wa chai. Weka nyuma. Mbele ni kwa mkono wako, kwa sababu kukata mabehewa utatumia kijiti kama cha mshikaki kutenganisha kulabu, na mkono ukipitia juu ya godown, godown inaenda chini. Acha nafasi ya kidole kati ya reli na reli pia.

Kuna Mmarekani anaitwa John Allen, alikuwa na treni zinajaza basement nzima huko Monterey, California, milima imeenda mpaka sakafuni. Huyo huyo, na nafasi yote hiyo, ndiye alibuni mchezo mwingine mdogo wa kushanti unaitwa Timesaver, ambapo unashindana na saa. So wacha kuona haya na ubao wako.

Mimi niliacha college mwaka wa pili, nilikuwa nafanya diploma ya ujenzi, fees ikakataa. Kitu pekee nilikuwa naipenda huko ni kuchora plan. Huu ubao ndio plan ya kwanza nimechora tangu wakati huo na ikajengwa mpaka ikaisha. Uko juu ya kitanda, kwa shelfu, unashuka Jumapili.

Jumapili iliyopita nilienda nao kwa Guka, nimeufunga kwa leso nikiushikilia kwa mathree kama mtoto. Nilimpa vikaratasi achague. Akatoa 7, 2, 8, 1, 4. Akaweka miwani, akaangalia hiyo yadi muda mrefu bila kugusa kitu, halafu akaniambia nikae kwa kontrola nifuate mkono wake. Mkono juu, songa. Mkono chini, simama. Mara moja nilipitisha kidogo, behewa la 2 likagonga kizuizi.

"Wewe kijana," akasema, "huyo ungekuwa umemvunja mguu. Rudisha, anza tena polepole."