Ulinganisho wa Mifumo ya Springi katika Magari ya Awali: Ford Model T na Lancia Lambda

Makala haya yanalinganisha mifumo miwili ya springi katika magari ya awali: ule wa Ford Model T, gari lililoundwa Marekani kuanzia 1908 hadi 1927, na ule wa Lancia Lambda, lililooneshwa kwa mara ya kwanza 1922 na kuundwa Italia hadi 1931. Hoja kuu ni kwamba ubora wa mfumo wa springi haupimiki pasipo kuzingatia barabara na mwendo uliokusudiwa.

Katika Model T, magurudumu mawili ya mbele yaliunganishwa kwa ekseli moja ya chuma. Juu yake ilikingamishwa springi moja ya vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Nyuma nako ilikuwapo springi moja iliyokingamishwa vivyo hivyo. Kwa kuwa kila springi ilifungwa kwenye fremu katikati tu, ekseli iliweza kuinama sana gurudumu moja lilipotumbukia shimoni, bila kuisokota fremu. Sifa hiyo iliwafaa wakulima wa Marekani, ambao barabara zao nyingi zilikuwa za udongo. Aidha, uchache wa vipuri ulisaidia kushusha bei.

Hata hivyo, ekseli nzima ina kasoro. Gurudumu la kushoto likipanda jiwe, la kulia nalo huinama. Gurudumu linalozunguka kwa kasi hupinga kuinamishwa. Likiinamishwa ghafla, huelekea kugeuka upande, na msukumo huo humfikia dereva kupitia usukani. Katika mwendo wa polepole athari hiyo ni ndogo, lakini kasi ikiongezeka, magurudumu yanaweza kuyumba mfululizo hata gari likawa gumu kuongoza.

Vincenzo Lancia alilikabili tatizo hilo kwa kuiondoa ekseli ya mbele. Kila gurudumu la mbele lilipanda na kushuka kwenye nguzo yake lenyewe, yenye springi ya kuzungushwa na kifaa cha mafuta cha kutuliza mtikisiko. Hivyo, mshtuko wa gurudumu moja haukulifikia jingine. Katika gari hilo, bodi na fremu viliundwa kuwa kitu kimoja. Nyuma, Lambda lilibaki na ekseli nzima.

Mfumo huo nao ulikuwa na gharama yake. Gari lilipolalia upande katika kona, magurudumu ya mbele yalilala pamoja nalo, ilhali ekseli nzima huyaacha yakiwa karibu wima juu ya barabara.

Kwa hiyo, Lambda halikuufanya mfumo wa Model T kuwa kosa. Lambda lilitatua tatizo la mwendo kasi. Model T lilitatua tatizo la barabara mbovu na kipato kidogo. Ndiyo maana ekseli nzima ingali ikitumika katika malori mengi hadi leo.