Upinde wa Mvua Kabla ya Gharika

Katika vipindi vya Agano la Kale huulizwa mara kwa mara: je, kabla ya gharika mvua iliweza kunyesha na jua likiwaka, wala upinde usionekane? Mwanafunzi aliyesoma fizikia huliuliza kwa hofu kwamba, akilikubali jibu la sayansi, ataipoteza ishara ya agano. Si haki kumkemea. Yafaa kwanza tulitazame jambo lenyewe.

Nuru ya jua huonekana nyeupe, lakini ndani yake mna rangi zote. Iingiapo katika tone la mvua hupinda, na kila rangi hupinda kwa kiasi chake, hata zikaachana. Sehemu ya nuru hiyo huakisiwa nyuma ya tone kama katika kioo, kisha hutoka ikipinda mara ya pili. Nyekundu hutoka kwa wingi zaidi katika pembe ya nyuzi 42 hivi, na zambarau katika nyuzi 40, tukipima kutoka mahali ambapo kivuli cha kichwa cha mtazamaji huangukia. Ndiyo sababu nyekundu hukaa nje na zambarau ndani, na jua huwa mgongoni mwetu daima. Nuru ikiakisiwa mara mbili ndani ya tone, upinde wa pili hutokea juu ya ule wa kwanza, hafifu, rangi zake zikiwa zimegeuzwa.

Jua likipanda kupita nyuzi 42, aliyesimama uwandani hauoni upinde kabisa. Kwetu Tanzania jua la saa sita mchana hupita kiwango hicho mwaka mzima. Basi upinde wetu ni wa asubuhi, upande wa magharibi, au wa jioni, upande wa mashariki.

Aliyefungua njia ya maelezo haya katika Ulaya alikuwa mtawa, Theodoric wa Freiberg, ambaye mapema katika karne ya 14 alichunguza tufe la kioo lililojazwa maji, akilifanya mfano wa tone moja. Descartes alikokotoa pembe mwaka 1637, na baadaye Newton akaeleza rangi.

Sasa turudi kwenye Mwanzo 9. Luther, katika mihadhara aliyoianza mwaka 1535, alishika kwamba upinde ulikuwa kitu kipya baada ya gharika. Calvin alisema ulikuwako, ila sasa ulipewa kuwa ishara. Pamoja na heshima yote kwa Luther, hapa nasimama na Calvin. Maandiko hayasemi kwamba nuru au maji yalibadilika tabia. Tena Luther mwenyewe, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alifundisha kwamba pasipo Neno maji ya ubatizo ni maji tu. Maji hayo yalikuwako tangu mwanzo, wala hakuna mchungaji anayeona kwamba ukale wake unaupunguzia ubatizo chochote.