Mbwa Anayetembelea Wagonjwa

Ndugu wafanyakazi, wengi wetu tunamjua mbwa wa getini, yule wa kubweka na kuuma. Leo tuzungumze juu ya mbwa mwenye kazi nyingine.

Mwaka 1976, huko New Jersey, Marekani, muuguzi Elaine Smith alianzisha chama cha mbwa wa kutembelea wagonjwa. Alipofanya kazi Uingereza aliona jinsi wagonjwa walivyochangamka kila kasisi alipoingia na mbwa wake. Uingereza nayo ilipata chama chake, Pets As Therapy, mwaka 1983. Mbwa hao huenda hospitalini na katika nyumba za wazee.

Upole peke yake hautoshi. Mbwa lazima afunzwe. Tangu 1989 American Kennel Club ina mtihani wa sehemu 10. Mbwa hutakiwa kutulia anapopapaswa na mgeni, kutembea bila kuvuta kamba, kupita kati ya watu, kuja anapoitwa, na kubaki na mtu mwingine dakika 3 bila kulia. Tena azoeshwe kiti cha magurudumu, mkongojo na kishindo cha sahani inayoanguka. Hufunzwa kwa sifa na vipande vya chakula, si kwa fimbo. Mbwa aliyezoea kipigo huogopa mkono unaonyooshwa, na mwenye hofu huuma.

Kabla ya safari huoshwa na kukatwa kucha, na lazima awe amechanjwa kichaa cha mbwa. Mlangoni mwenyewe huuliza kwanza. Anayeogopa, au Mwislamu anayejihadhari na mate ya mbwa, hupitwa bila kushurutishwa.

Chama kingine cha Marekani, Pet Partners, hakiruhusu mnyama atembelee wagonjwa zaidi ya saa 2 kwa siku. Sisi tunaopigania saa za kazi tunaielewa kanuni hiyo. Mbwa akipiga miayo ovyo, akijilamba midomo na kugeuza uso, amechoka, atolewe nje.

Lakini tusidanganyike. Mbwa hamgeuzi mgonjwa kitandani, hampi dawa, wala hasikii kengele ya usiku akaiitikia. Mwajiri asimlete mbwa mchana ili kuficha upungufu wa wauguzi usiku. Mzee aliyemaliza nguvu zake kiwandani au shambani anastahili vyote viwili: wahudumu wa kutosha, na mgeni wa kumfurahisha.