Denis Burkitt
Denis Parsons Burkitt (28 Februari 1911 – 23 Machi 1993) alikuwa daktari wa upasuaji, mzaliwa wa Eire, aliyefanya kazi nchini Uganda. Anajulikana kwa utafiti wake kuhusu saratani ya taya za watoto, ambayo leo inaitwa limfoma ya Burkitt.

Makala na athari yake

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, alimwona mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Mwaka 1958 alichapisha makala kuhusu ugonjwa huo katika jarida la British Journal of Surgery, lakini mwanzoni wataalamu wachache tu waliijali.

Hali ilibadilika Machi 1961 alipotoa mhadhara mjini London. Msikilizaji mmoja, Anthony Epstein, alianza kutafuta virusi katika vipande vya uvimbe vilivyotumwa kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kirusi cha Epstein-Barr, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Mwishoni mwa 1961 Burkitt na wenzake wawili walisafiri kwa gari kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, takriban kilomita 16,000, wakiulizia ugonjwa huo hospitalini. Ulipatikana hasa kwenye maeneo ya joto na mvua, yaani maeneo ya malaria. Hivyo makala iliyopuuzwa mwanzoni ikawa msingi wa tafiti nyingi za saratani duniani.