Ladha ya Siagi Ndani ya Mapafu

Mwezi Mei mwaka 2000, daktari mmoja wa magonjwa ya kazini katika jimbo la Missouri, Marekani, aliitaarifu idara ya afya ya jimbo hilo kuhusu wagonjwa wanane. Wote walikuwa na kikohozi na pumzi fupi, wote njia zao za hewa zilikuwa zimebana, na wote waliwahi kufanya kazi katika kiwanda kimoja. Wanne kati yao walikuwa tayari kwenye orodha ya kusubiri kupandikizwa mapafu. Kiwanda hicho, kilichokuwa katika mji mdogo wa Jasper, hakikushughulika na asbesto, wala risasi, wala dawa za kuulia wadudu. Kilifungasha bisi za kupika kwenye mikrowevu.

Wachunguzi wa NIOSH, taasisi ya serikali ya Marekani inayotafiti usalama na afya kazini, walipoingia kiwandani walivutwa na chumba cha kuchanganyia. Humo mlikuwa na tangi la mafuta ya soya yaliyopashwa moto, na ndani yake wafanyakazi walimimina chumvi na kikolezo chenye ladha ya siagi. Kila kifuniko kilipoinuliwa, mvuke ulipanda ukampiga mtu usoni. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002 katika jarida la New England Journal of Medicine: kati ya wafanyakazi waliopimwa, kuziba kwa njia za hewa kulionekana mara 3.3 ya kiwango kilichotarajiwa. Kwa wale ambao hawakuwahi kuvuta sigara maishani, ilikuwa mara 10.8. Na kadiri mtu alivyokuwa amevuta zaidi kemikali moja iliyomo kwenye kikolezo hicho, ndivyo mapafu yake yalivyokuwa na hali mbaya zaidi.

Kemikali hiyo ni diasetili. Si kitu kigeni. Imo ndani ya siagi yenyewe, hutokea bia inapochacha na kahawa inapokaangwa, na ndiyo inayoipa siagi ile harufu nzito inayomfanya mtu amalize mkate kabla chai haijapoa. Mwanadamu ameila kwa karne nyingi, tumbo likaivunjavunja, mambo yakaisha. Mapafu hayana uwezo huo. Vijia vya mwisho vya hewa, vyenye upana usiofika hata milimita 2, vimetandazwa ndani chembe hai laini ajabu, na diasetili hujinasa kwenye protini za chembe hizo na kuziua. Mwili hukimbilia kuliponya jeraha. Katika uponyaji huo kovu huota kuelekea ndani ya kijia, hukaza, na mwisho huweza kukiziba kabisa. Madaktari huuita ugonjwa huu bronkiolitisi obliteransi. Magazeti ya Marekani yakaupa jina la mapafu ya bisi. Kovu likishakaa halitoki, na dawa za kupuliza wanazotumia wenye pumu hazisaidii sana, kwa sababu hazikuundwa kuyeyusha kovu.

Mwaka 2016 NIOSH ilipendekeza kiwango cha juu cha diasetili ambacho mfanyakazi anaweza kukivuta kwa siku ya kazi ya saa nane: sehemu 5 katika kila sehemu bilioni moja za hewa. Ni kiwango kidogo mno, na udogo wake wenyewe unaeleza jinsi wataalamu walivyoogopa walichokiona.

Mtu anaweza kuuliza kiwanda cha bisi kinamhusu nini kijana anayevuta vepu, yaani sigara ya kielektroniki, yenye ladha ya keki katika baraza ya Dar es Salaam au Mombasa. Kinamhusu sana. Kimiminika cha vepu kina vitu vichache: propilini glikoli, gliserini, mara nyingi nikotini, na vikolezo vya ladha. Vile vitatu vya kwanza vinajulikana kwa majina na aghalabu kwa vipimo. Vikolezo ndiko kwenye giza. Watafiti wa Marekani waliopekua maduka ya mtandaoni waliripoti kwamba kufikia Januari 2014 kulikuwa na majina 7,764 ya ladha mbalimbali, kuanzia embe hadi kastadi. Nyuma ya kila jina mna mchanganyiko wa kemikali ambao kwa kawaida kibandiko cha chupa huufupisha kwa neno moja tu: ladha.

Na kemikali nyingi kati ya hizo zilitoka kwenye viwanda vya chakula. Hapa ndipo mnunuzi anapopotoshwa, wakati mwingine na muuzaji ambaye naye anaamini anachosema. Huambiwa vikolezo hivi ni vya daraja la chakula, vimeidhinishwa, ni vilevile vya biskuti na aiskrimu. Maneno hayo yanaweza kuwa kweli kabisa na bado yasiwe na maana yoyote kwa mapafu, kwa kuwa idhini hiyo ilitolewa kwa kitu kinacholiwa. Aliyekitathmini aliuliza kitatendaje tumboni na kwenye ini. Hakuuliza kitatendaje kikipashwa moto kwenye koili, kikageuzwa mvuke, kikavutwa mara mia kwa siku. Chama cha watengenezaji wa vikolezo cha Marekani, FEMA, kimelisema jambo hili waziwazi: tathmini zake ni za chakula, na watengenezaji wa sigara za kielektroniki wasizitumie kudai kuwa bidhaa zao ni salama. Wenye mali wenyewe wakikana, mnunuzi ana haki ya kusitasita.

Mfano ulio karibu zaidi na msomaji wa Kiswahili ni mdalasini. Unapandwa Unguja na Pemba, unatiwa kwenye pilau na chai ya viungo, watoto na wazee wanautumia. Harufu yake inatokana hasa na sinamaldehidi. Kemikali hiyohiyo, ikiwekwa kwenye vimiminika vya vepu vya ladha ya mdalasini, imeonekana mara nyingi katika maabara kuwa miongoni mwa vikolezo vyenye sumu kali kwa chembe hai. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina waliripoti kwamba hupunguza kasi ya vinyweleo vya njia ya hewa, vile vinavyopunga mfululizo ili kusukuma nje makohozi, vumbi na vijidudu. Hayo yalionekana kwenye chembe zilizokuzwa maabara, hayakuonekana ndani ya kifua cha mtu, na tofauti hiyo ni ya kuzingatiwa. Lakini hakuna sababu ya kudhani kwamba kwa kuwa chai ya mdalasini haina neno, basi na mvuke wake hauna neno.

Vanila nayo ina mkasa wake. Watafiti wa vyuo vikuu vya Yale na Duke walionyesha mwaka 2018 kwamba vanilini na jamaa zake hazitulii ndani ya chupa. Huingiliana taratibu na propilini glikoli na kuunda kemikali mpya ziitwazo asetali, ambazo hazikuwa kwenye orodha ya aliyechanganya. Asetali hizo huingia kwenye mvuke, na zina uwezo wa kuziamsha neva zinazohisi mwasho kwenye njia ya hewa. Ladha ya cheri hubeba benzaldehidi, ambayo pia inawasha. Ladha za minti zimekutwa na pulegoni, kitu ambacho mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilikiondoa mwaka 2018 kwenye orodha ya viongezwa vya chakula vinavyotengenezwa viwandani.

Turudi kwenye siagi, maana ndiko ushahidi ulikokusanyika. Mwaka 2014 daktari wa moyo kutoka Ugiriki, Konstantinos Farsalinos, pamoja na wenzake, walipima sampuli 159 za vimiminika vya ladha tamu kutoka kwa watengenezaji 36 katika nchi saba. Sampuli 74 katika kila 100 zilikuwa na diasetili au ndugu yake wa karibu, pentanedioni. Farsalinos si adui wa vepu. Anajulikana kwa kuitetea kama njia ya kumtoa mvutaji kwenye sigara, na kwa hiyo matokeo yake yana uzito wa pekee. Jambo lililouma zaidi ni kwamba baadhi ya chupa zilizokutwa na kemikali hizo zilitoka kwa watengenezaji waliotangaza kuwa hawazitumii. Mwaka uliofuata, watafiti wa Harvard walipima ladha 51 zilizouzwa Marekani, wakakuta diasetili katika 39.

Hiyo pentanedioni inastahili kuangaliwa vizuri. Viwanda vya vikolezo vilipoanza kuikimbia diasetili, baadhi viliishika hii kama mbadala. Ladha karibu ni ileile, na kibandiko kinaweza kusema bila uongo kwamba hakuna diasetili. Majaribio yaliyofanywa kwa panya yakaonyesha kwamba nayo huharibu njia za hewa kwa namna inayofanana, na NIOSH ikaiwekea kiwango chake, sehemu 9.3 katika bilioni. Kuna ya tatu, asetoini, isiyo na ukali wa wenzake. Ila mwaka 2019 ilichapishwa kazi ya watafiti wa kampuni ya tumbaku, British American Tobacco, iliyoonyesha kwamba asetoini iliyomo kwenye kimiminika cha vepu hugeuka kidogokidogo kuwa diasetili, na nikotini huharakisha mgeuko huo. Chupa iliyotoka kiwandani ikiwa safi inaweza kuitengeneza yenyewe ikiwa imekaa rafuni.

Kuna mambo ambayo mtu mkweli hawezi kuyanyamazia. Moshi wa sigara za kawaida una diasetili pia, na una nyingi zaidi: katika hesabu za Farsalinos, mvutaji wa sigara aliipata kwa wastani mara 100 ya mvutaji wa vepu. Mapafu ya bisi hayajathibitishwa kuwa janga miongoni mwa wavuta vepu. Kisa kinachotajwa sana ni cha kijana wa miaka 17 huko Ontario, Kanada, aliyelazwa hospitalini siku 47 mwaka 2019 akiwa na hali iliyofanana na bronkiolitisi. Alikuwa akivuta kwa wingi vimiminika vyenye ladha, akiongeza na dondoo la bangi. Madaktari walivishuku vikolezo, lakini kushuku si kuthibitisha.

Wala mkasa huo usichanganywe na wimbi la ugonjwa wa mapafu miongoni mwa wavuta vepu lililoikumba Marekani mwaka huohuo. Kufikia Februari 2020 watu 2,807 walikuwa wamelazwa au kufa, waliokufa wakiwa 68. Mshukiwa mkuu wa wimbi hilo hakuwa kikolezo cha ladha. Alikuwa asetati ya vitamini E, mafuta yaliyotumiwa kuzimua bidhaa za bangi, nyingi zikiwa za magendo. Ilikutwa kwenye majimaji ya mapafu ya wagonjwa 48 kati ya 51 waliochunguzwa. Lakini hata pale kosa la msingi lilikuwa lilelile. Vitamini E humezwa na hupakwa kwenye ngozi bila tatizo, mtu akaona inaweza pia kuvutwa.

Basi ulinzi wa mnunuzi uko wapi? Ulaya ulianzia kwenye sheria. Maagizo ya Umoja wa Ulaya ya 2014, yaliyoanza kutumika Mei 2016, yanamtaka mtengenezaji awasilishe orodha ya viambato kwa mamlaka kabla bidhaa haijauzwa, na nikotini isizidi miligramu 20 kwa mililita. Chini ya utaratibu huo Uingereza imepiga marufuku diasetili katika vimiminika vya vepu. Finland na Uholanzi zilikwenda mbali zaidi, zikaziondoa ladha zote isipokuwa ya tumbaku. Uganda ilichagua njia fupi: sheria yake ya kudhibiti tumbaku ya 2015 imekataza kabisa sigara za kielektroniki. Sheria ya Kenya ya 2007 na ile ya Tanzania ya 2003 zilitungwa kabla vifaa hivi havijaenea, na mnunuzi wa Nairobi au Arusha anabaki kutegemea kibandiko na neno la muuzaji.

Kwa mtu wa namna hiyo, maswali ya dukani yana thamani. Kwanza, je, kuna ripoti ya maabara ya kundi hilohilo la chupa, na si ya bidhaa nyingine yenye jina linalofanana? Je, ripoti inataja diasetili, pentanedioni na asetoini, kila moja kwa jina lake? Je, inasema kipimo kidogo kabisa ambacho mashine iliweza kukiona? Neno “haikuonekana” linalotoka kwenye mashine butu halimlindi mtu. Chupa isiyo na jina la mtengenezaji wala namba ya kundi irudishwe rafuni. Ladha za siagi, karameli, kastadi na krimu ndizo zenye uwezekano mkubwa wa kuwa na diasetili, na mdalasini nao haufai kuchukuliwa kirahisi. Anayejichanganyia nyumbani asithubutu kutia mafuta ya kupikia wala kikolezo cha keki chenye asili ya mafuta, kwani mafuta yakifika mapafuni huweza kuleta nimonia ya aina yake. Na asiyewahi kuvuta sigara hana anachokipata kwenye mvuke huu cha kufidia hatari ambayo haijapimwa.

Anayevuta, akiona kikohozi kikavu kinadumu kwa wiki kadhaa, au ngazi alizokuwa akizipanda bila taabu zinamkata pumzi, aende hospitali na amtajie daktari vepu, ladha zake, na muda aliozitumia. Achukue na chupa yenyewe. Maelezo hayo yana kazi kubwa, kwa sababu katika ugonjwa huu picha ya eksirei ya kifua mara nyingi hutoka safi, na mgonjwa anaweza kutibiwa pumu au bronkaitisi kwa miezi mingi huku kovu likiendelea kukua. Kipimo cha kupuliza hewa kwa nguvu kwenye mashine, yaani spirometria, huonyesha kama njia za hewa zimebana, na kikirudiwa baada ya dawa ya kupanua njia za hewa huonyesha kama zinafunguka au la.