Nyonga ya bandia ikianza kuuma tena, usingoje

Mtu aliyewekewa nyonga ya bandia, akaacha magongo na kurudi shambani, huona tatizo limekwisha. Mara nyingi ni kweli. Lakini nyonga ya bandia nayo huchakaa. Kwa mkazi wa Kibiti, Utete au vijiji vya delta kama Mbwera, ambako safari ya hospitali kubwa huanzia kwenye boti, jambo la kukumbuka ni hili: maumivu mapya kwenye nyonga hiyo si ya kuzoea.

Inadumu miaka mingapi?

Kichwa cha mfupa wa paja huzunguka ndani ya kikombe cha nyonga. Kikivunjika, kikisagika au kikikosa damu, kama inavyowapata baadhi ya wagonjwa wa selimundu wakiwa bado vijana, daktari huweka tufe lenye shina la chuma na kikombe kipya, mara nyingi cha plastiki ngumu. Uchambuzi wa kumbukumbu za wagonjwa wa Australia na Finland, uliotolewa mwaka 2019, ulionyesha kuwa takriban nyonga 58 kati ya 100 bado zinafanya kazi baada ya miaka 25. Kwa hiyo aliyewekewa akiwa na miaka 30 anaweza kuhitaji nyingine maishani.

Kwa nini huharibika?

Sababu ya kwanza ni kulegea. Plastiki ikisagika hutoa chembe ndogo sana. Mwili hupambana nazo, na katika mapambano hayo mfupa unaoshika chuma huliwa polepole. Sababu nyingine ni vijidudu kuingia kwenye kiungo, tufe kuchomoka kwenye kikombe, au mfupa kuvunjika kando ya chuma baada ya kuanguka.

Dalili zipi?

Ukilegea, utasikia maumivu ya kinena au paja unapoinuka au kuanza kutembea. Unaweza kuanza kuchechemea, au mguu mmoja ukawa mfupi. Homa, uvimbe wenye joto au usaha kwenye kovu ni dalili za vijidudu: nenda siku hiyo hiyo. Usinunue antibayotiki dukani kwanza, kwa sababu zinaweza kuficha vijidudu wakati wa vipimo.

Mguu ukigeuka ghafla na ukashindwa kusimama, usikubali mtu auvute wala kuukanda. Lazwa chali, wekewa mto katikati ya miguu, usafirishwe ukiwa umelala. Kwenye delta boti husubiri maji yajae, basi toeni taarifa zahanati mapema ili usafiri upangwe.

Upasuaji wa marudio ukoje?

Anzia zahanati au kituo cha afya, uombe rufaa. Upasuaji huu unahitaji madaktari bingwa wa mifupa, kama wa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, Dar es Salaam. Hupigwa eksirei, hupimwa damu, na pengine maji ya kiungo huvutwa kwa sindano.

Kama tatizo ni kulegea, chuma cha zamani hutolewa na kuwekwa kingine, mara nyingi chenye shina refu zaidi. Palipoliwa hujazwa mfupa wa kupandikiza. Kama kuna vijidudu, mara nyingi upasuaji hufanyika mara mbili: kwanza kutoa chuma na kuweka kiungo cha muda chenye dawa, kisha baada ya wiki au miezi kuweka nyonga mpya. Marudio huchukua muda mrefu kuliko upasuaji wa kwanza, na hatari ya kupoteza damu, kupata vijidudu au nyonga kuchomoka ni kubwa zaidi. Ndiyo maana kuwahi kunasaidia: mfupa uliobaki mwingi hushika chuma kipya vizuri.

Ukirudi nyumbani

Kwa wiki za mwanzo, na kwa muda atakaosema daktari, usichuchumae wala kukaa chini sana. Hiyo ina maana kutokalia mbuzi ya kukunia nazi, kutopandikiza mpunga, na kutumia kiti cha choo badala ya kuchuchumaa juu ya shimo. Anayeswali aulize kuhusu kuswali akiwa kwenye kiti. Kupanda mtumbwi na bodaboda kusubiri ruhusa.

Tunza karatasi

Hifadhi kadi ya hospitali, picha za eksirei na karatasi yenye jina na ukubwa wa chuma ulichowekewa. Zipige picha kwa simu, umtumie na ndugu mmoja. Daktari akijua aina ya chuma, huandaa vifaa sahihi vya kukitoa. Gharama ikikulemea, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini kabla ya kuahirisha safari.

Hata usiposikia maumivu, usiache tarehe za kliniki. Nyonga inaweza kulegea kimya kimya, na eksirei ikaonyesha kabla mguu haujauma.